Kichwa kinakuuma mara kwa mara? Tafuta chanzo kabla ya kununua vidonge vingine

"Nipe Panadol mbili, mwanangu."

Nilimjua kwa sauti kabla sijainua macho. Ilikuwa Alhamisi, na Jumatatu na Jumanne alishakuja kununua mbili kama hizo. Ni mama anayeuza vitumbua karibu na stendi, anaamka saa tisa usiku kuwasha jiko.

"Shikamoo mama. Hiki kichwa huwa kinaanza saa ngapi?"

"Marahaba." Akashika kisogo, akafikiri. "Mbona hilo sijawahi kuulizwa? Siku zote naulizwa nataka ngapi."

Nimekaa kwenye dirisha la duka la dawa hapa Tanga miaka 14, na dawa ya kichwa hutoka kila siku ya Mungu. Wanunuzi wanajua jina la dawa na bei yake, ila kichwa chenyewe hawakijui. Na kichwa kina tabia: kina saa yake ya kuanza, mahali pake pa kushika, muda wake wa kukaa, na mambo yanayoandamana nacho. Ukizijua tabia hizo, mara nyingi chanzo hujionyesha bila kipimo cha gharama. Nitapita dalili moja baada ya nyingine, niseme kila moja huletwa na nini na ufanye nini.

Vichwa visivyosubiri

Kabla ya yote, kuna vichwa vya kukimbiza hospitali leo hii. Usivinunulie dawa ukasema tuone kesho.

- Kichwa kinachopiga ghafla kama radi na kufika kilele ndani ya dakika moja, maumivu ambayo hujapata kuyaona maishani. Huenda mshipa wa damu umepasuka kichwani.
- Kichwa chenye homa na shingo iliyokakamaa, au mgonjwa anachanganyikiwa, anasinzia kupita kawaida, au amepata degedege. Inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo au malaria kali.
- Kichwa kinachokuja pamoja na mdomo kupinda, mkono au mguu kulegea upande mmoja, au maneno kugoma kutoka. Hicho ni kiharusi mpaka daktari aseme vinginevyo.
- Kichwa kikali cha mjamzito aliyevuka wiki ya 20, au cha mama aliyejifungua ndani ya wiki 6 zilizopita, hasa akiona ukungu au vimulimuli, akivimba uso na mikono, au akiumwa chini ya mbavu upande wa kulia. Kifafa cha mimba huanza hivyo. Presha na mkojo vipimwe siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.
- Kichwa baada ya kuanguka au kugongwa. Kwa mzee jihadhari zaidi: anaweza kuteleza bafuni, akainuka akasema yuko salama, kumbe damu inavuja polepole ndani ya fuvu na dalili zikaja wiki kadhaa baadaye.
- Kichwa chenye jicho jekundu linalouma sana, linaloona duara za rangi kuzunguka taa. Shinikizo la ndani ya jicho likipanda ghafla linaweza kuua uwezo wa kuona kwa muda mfupi.

Anayeishi na VVU, ambaye kichwa kimemuuma siku kadhaa mfululizo na kinazidi, aende kliniki yake bila kungoja tarehe ya miadi, hata kama homa ni ndogo. Kuna fangasi wanaoshambulia utando wa ubongo taratibu, na wakiwahiwa wanatibika. Vilevile usizoee kichwa kipya kilichoanza baada ya miaka 50, wala kinachozidi wiki hadi wiki, kinachokuwa kibaya ukilala au ukikohoa.

Daftari la wiki nne

Kama hakuna hata kimoja cha kwako hapo juu, tafuta daftari, au tumia kalenda ya simu. Kila siku kichwa kinapouma, andika saa kilipoanza na kilipoisha, kilishika wapi, kiliumaje, ulilala saa ngapi, mara ya mwisho ulikula lini. Mwanamke aweke alama siku za hedhi. Halafu andika dawa: jina lake na vidonge vingapi, hata kama ni kimoja cha kuombwa kwa jirani. Watu husahau safu hii ya dawa, na ndiyo inayosema kweli kuliko zote. Nitarudi kwayo.

Kimebana kama kilemba kilichokazwa

Maumivu yako pande zote mbili, yanaanzia kisogoni au kwenye paji la uso, yanabana bila kupwita. Hutapiki, kazi unaweza kuendelea nayo japo kwa kununa, na mara nyingi huzidi kuanzia saa tisa au saa kumi alasiri. Hiki ni kichwa cha mkazo, ndicho cha kawaida kuliko vyote. Kinaweza kukaa nusu saa, kinaweza kukaa siku kadhaa.

Tazama shingo na mabega kwanza. Fundi cherehani, karani, dereva, mwanafunzi anayeinamia simu mpaka saa sita usiku, wote hao misuli ya shingo inashikilia kichwa kizito bila kupumzika. Bonyeza misuli iliyo chini ya kisogo: ikiuma, na maumivu yakatembea kuja mbele, umepata jibu. Kitambaa cha maji ya moto shingoni kwa dakika 15, kusimama na kuzungusha mabega kila baada ya saa moja, kuinua simu ifike usawa wa macho, na kupunguza mito kitandani husaidia kuliko watu wanavyodhani. Mawazo nayo yamo. Deni, mgonjwa nyumbani na kazi isiyo na uhakika hukaza misuli hiyohiyo.

Kisha kuna sababu ambayo wengi hawaitaji: nywele. Binti mmoja alikuja na kichwa cha siku tatu, ameshameza kila alichopewa na wenzake. Alikuwa amesuka Jumamosi, mistari midogo, imevutwa mpaka ngozi ya kwenye panja imetoka vipele. Nilimwomba anyanyue nyusi. Hakuweza bila kukunja uso kwa maumivu. Jioni alifumua mistari ya mbele tu, na asubuhi yake alinitumia ujumbe kwamba amelala. Mwambie msusi alegeze tangu mwanzo. Msuko usioumiza siku ya kwanza hupendeza vilevile.

Kinapwita, unataka giza na watu wanyamaze

Mama yangu alikuwa na siku zake. Alijifungia chumbani, akajifunga kanga kichwani kwa nguvu, dirisha likazibwa kwa shuka, na sisi watoto tukaambiwa tusiburuze hata kigoda. Ndoo ilikaa chini ya kitanda kwa sababu alitapika. Majirani walisema ana shetani anayemdai, na pesa zilitumika kwenye ubani na kuku. Alikuwa na kipandauso. Hakuna aliyemwambia jina hilo mpaka alipokaribia miaka 50, na mimi bado inaniuma kwamba miaka yote ile ilikwenda bure.

Kipandauso hushika zaidi upande mmoja, ingawa si lazima, na hupwita pamoja na mapigo ya moyo. Ukipanda ngazi kinazidi. Mwanga unachoma macho, kelele zinakera, kuna kichefuchefu au kutapika. Bila dawa hukaa saa 4 mpaka 72. Kwa baadhi ya watu hutanguliwa na vimulimuli, mistari ya pembepembe machoni, au ganzi inayotambaa kutoka vidoleni kuja mdomoni, na hayo hupita ndani ya saa moja. Kinatembea katika ukoo: ukimwona mama, jiandae kumsikiliza binti.

Vinavyokiamsha vinatofautiana, na hapo daftari hufanya kazi yake. Kukosa mlo. Kulala kidogo, au kulala mno siku ya mapumziko. Siku mbili kabla ya hedhi mpaka siku ya tatu. Jua la saa saba bila kofia. Harufu ya mafuta ya taa au manukato makali. Mara nyingi kimoja peke yake hakitoshi. Viwili vikikutana ndipo kinaamka. Kwa hiyo usijinyime kila kitu kwa kuogopa. Shika saa za kula na za kulala zisibadilike, kisha tazama wiki zinazofuata.

Dawa ya kipandauso inatakiwa iwahi. Kichwa kikishika, tumbo nalo hupunguza kasi ya kazi yake, na kidonge ulichomeza saa tatu baada ya kichwa kuanza huchelewa tumboni kabla ya kuingia kwenye damu. Mtu mzima asiye na vidonda vya tumbo, tatizo la figo wala ujauzito anaweza kumeza ibuprofen miligramu 400 na chakula kidogo, mara tu anapokitambua. Wengine paracetamol (ndiyo Panadol) gramu 1 huwatosha. Anayetapika sana amwone tabibu, kwa sababu kuna dawa ya kuzuia kutapika inayolifungua tumbo, na kuna dawa maalumu za kipandauso kama sumatriptan ambazo haziwafai wenye ugonjwa wa moyo.

Dada zangu, hapa naomba mnisikilize. Kama kipandauso chako hutanguliwa na vimulimuli au ganzi, usitumie vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni. Vikikutana na kipandauso cha namna hiyo, hatari ya kiharusi huongezeka. Mweleze mtoa huduma. Njia nyingine zipo, zikiwemo vijiti, kitanzi na vidonge visivyo na estrojeni.

Unaamka nacho asubuhi

Anza kwa kuuliza wengine nyumbani. Kama watu wawili au watatu wameamka na kichwa, wana kichefuchefu, na wakitoka nje wanapata nafuu, tazama jiko. Kule Njombe na Makete mwezi wa Juni na Julai, au Limuru kwa majirani zetu wa Kenya, watu huingiza jiko la mkaa chumbani wapate joto. Mkaa uliokwisha kuwa mwekundu hautoi moshi, na kwa sababu hiyo watu huuamini. Kumbe bado unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, inayochukua nafasi ya oksijeni ndani ya damu. Kichwa ndiyo onyo lake la kwanza. Onyo la pili huenda msilisikie. Fungueni milango, tokeni nje, mwende hospitali, na jiko lisirudi chumbani tena.

Kama ni wewe peke yako, muulize mwenzako kama unakoroma na kukatika pumzi usingizini. Anayekoroma hivyo, akaamka na kichwa kizito na kusinzia mchana kwenye daladala, ana ugonjwa wa usingizi unaohitaji daktari. Kupunguza uzito na kulala kwa ubavu humsaidia. Anayesaga meno usiku huamka taya na mapanja yakiuma. Pombe ya jana haihitaji maelezo.

Kinakuja ukifunga

Siku za mwanzo za Ramadhani dukani kwangu kunajaa baada ya magharibi. Watu husema ni njaa. Njaa na kiu vimo, lakini ukimuuliza mzee wa barazani amezoea vikombe vingapi vya kahawa chungu kwa siku, utasikia sita, saba. Mwili uliozoea kafeini ukiikosa huanza kulalamika kati ya saa 12 na 24, huumwa vibaya siku ya kwanza na ya pili, na ndani ya wiki moja hivi hutulia wenyewe. Chai ya rangi ya kila saa inafanya vivyo hivyo.

Dawa yake huanza Shaaban. Wiki mbili kabla ya mwezi kuandama, punguza kikombe kimoja kila baada ya siku mbili, mpaka kibaki kimoja, na hicho ukinywe wakati wa daku. Maji yagawe kati ya futari na daku badala ya kuyamimina yote kwa mkupuo. Mwenye kipandauso kikali azungumze na daktari wake mapema, na akumbuke kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kula akalipa siku zake baadaye.

Kina homa, viungo vinauma

Pima. Usinunue dawa mseto kwa kukisia. Kipimo cha haraka cha malaria ni tone la damu kidoleni, na majibu hutoka ndani ya dakika 20 hivi. Kikisema hakuna malaria, dawa ya malaria haitakuondolea kichwa, na utakuwa umepoteza siku tatu ambazo ugonjwa wenyewe unaendelea.

Kama maumivu yako nyuma ya macho, mwili kama umepigwa, na ni msimu wa mvua hapa pwani, fikiria homa ya dengi, ile ambayo wazee waliiita kidingapopo. Dar es Salaam iliiona mwaka 2014 na tena 2019. Kwa dengi tumia paracetamol peke yake. Aspirin, ibuprofen na diclofenac huongeza hatari ya kutoka damu.

"Nadhani ni presha"

Hili nalisikia kila siku. Presha ya kupanda kwa kawaida haina dalili. Mtu anaweza kutembea nayo miaka asiumwe kichwa hata mara moja. Kwa hiyo kukosa kichwa hakumaanishi presha ni nzuri, na kuwa na kichwa hakumaanishi imepanda. Tena maumivu yenyewe yanaweza kuipandisha kidogo. Kaa dakika 5 bila kuongea, ndipo upimwe. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi, rudi siku nyingine uthibitishe na uanze matibabu. Ikifika 180 kwa 120 pamoja na kichwa kikali, kuona ukungu au maumivu ya kifua, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Zaidi ya presha, macho nayo huleta kichwa kinachokuja baada ya kusoma, hasa ukivuka miaka 40 na simu ikaanza kwenda mbali na uso: pima miwani. Sainasi ya kweli huja na mafua mazito yenye usaha na uso kuuma ukiinama. Wengi wanaoambiwa wana sainasi, wakaandikiwa antibayotiki kila mwezi, wana kipandauso. Jino bovu la nyuma hupeleka maumivu mpaka kwenye panja.

Karibu kila siku, na dawa hazishiki tena

Turudi kwa mama wa vitumbua. Mjukuu wake alimwandikia daftari nyuma ya karatasi za hesabu, kwa penseli. Tulipohesabu pamoja pale dirishani, siku za dawa ndani ya mwezi mmoja zilikuwa 22. Dawa yenyewe ilikuwa imegeuka chanzo.

Watu hawaamini nikiwaambia, lakini ndivyo mwili ulivyo. Mwenye kichwa cha kawaida au kipandauso akimeza dawa za maumivu mara kwa mara, ubongo huzizoea, na dawa inapopungua mwilini maumivu yanarudi. Anameza tena. Mpaka wake unajulikana: paracetamol, ibuprofen au aspirin siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3. Kwa dawa za mchanganyiko, zenye kafeini au kodeini ndani, mpaka ni siku 10 tu. Geuza pakiti usome. Dawa nyingi zinazouzwa kwa sifa ya kuwa "kali" kwa kichwa zina kafeini. Kinachohesabiwa hapa ni siku, hata kama kila siku ni kidonge kimoja.

Njia ya kutoka ni kuacha. Anayetumia paracetamol au ibuprofen anaweza kuacha mara moja. Aliyezoea dawa kali za maumivu kama kodeini au tramadol asijaribu peke yake; apunguze kwa msaada wa daktari. Sitawaficha: siku za mwanzo, kuanzia 2 mpaka 10, kichwa huwa kibaya zaidi, na hapo wengi hurudi dukani. Chagua wiki isiyo na harusi wala safari. Waambie wa nyumbani. Kunywa maji, kula kwa saa, kitambaa shingoni, lala mapema. Mama huyu alisaidiwa na binti yake kukaa jikoni alfajiri. Siku ya sita alikuja dirishani akasimama tu, hakusema anataka nini. Nikamletea kiti na glasi ya maji, tukazungumza habari za bei ya mchele mpaka akainuka akaenda. Wiki ya nne kichwa kilikuwa kinamjia mara mbili kwa wiki, na kilikuwa kidogo.

Baada ya hapo, dawa ya maumivu isizidi siku 2 kwa wiki. Paracetamol isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 ndani ya saa 24 kwa mtu mzima, na kumbuka kwamba dawa nyingi za mafua nazo zina paracetamol ndani. Ukizijumlisha ini linaumia. Watoto wasipewe aspirin.

Ukienda kwa tabibu

Nenda kama kichwa kinakukosesha kazi siku 4 au zaidi kwa mwezi. Zipo dawa za kumeza kila siku kuzuia kisije, na baadhi ni za bei nafuu: propranolol, isiyomfaa mwenye pumu, na amitriptyline ya usiku, inayoanza kwa kipimo kidogo na huleta usingizi na kukauka mdomo. Zinataka uvumilivu wa miezi 2 hivi kabla ya kusema hazifai. Msichana au mwanamke anayeweza kushika mimba akiandikiwa valproate au topiramate, aulize kwanza, maana zinaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Beba daftari. Mpe tabibu mkononi, umwambie siku ngapi kwa mwezi kichwa kinauma na siku ngapi unameza dawa. Nambari hizo mbili zikiwa juu ya ukurasa wa kwanza, hata kama foleni ni ndefu na ana dakika tano tu, atajua aanzie wapi.